Eudora 7.1 kwenye Windows 11: barua za baada ya mwaka 2010 hazionekani

Mfasiri wa Tanga

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba msaada katika jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa juma zima.

Mimi ni mfasiri mstaafu, na mawasiliano yangu yote na wachapishaji, wahariri na wafasiri wenzangu tangu mwaka 1999 yamo ndani ya programu ya barua pepe iitwayo Eudora. Nilianza kuitumia nilipokuwa masomoni Uingereza, nikarudi nayo nyumbani, na kila nilipobadili kompyuta niliihamisha pamoja na barua zake: kutoka Windows 98 hadi XP, kisha mwaka 2010 nikapata kompyuta yenye Windows 7, ambayo baadaye ilipandishwa hadi Windows 10. Toleo nililo nalo ni 7.1.0.9, ambalo ndilo la mwisho kutolewa kwa Windows, mnamo Oktoba 2006.

Kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, wanangu wameninunulia kompyuta mpya yenye Windows 11. Nilianza kwa kutia sidii yangu ya zamani ya mwaka 1998, lakini kompyuta ikasema programu hiyo haiwezi kuendeshwa hapa. Nikatumia kisakinishi cha 7.1.0.9 nilichokuwa nimekihifadhi kwenye flashi, nacho kikasakinisha bila shida yoyote. Kisha nikanakili folda nzima ya Eudora iliyomo ndani ya Program Files (x86) kwenye kompyuta ya zamani, nikaiweka mahali palepale kwenye kompyuta mpya.

Programu inafunguka, na masanduku yangu yote yapo kwa majina yake. Hata hivyo, barua zinaishia Machi 2010. Hakuna hata moja ya miaka iliyofuata, ilhali kwenye kompyuta ya zamani nikifungua Eudora naziona zote mpaka za juzi. Nimenakili mara tatu, na mara zote tatu matokeo ni yaleyale.

Yapo mengine mawili. Nikijaribu kupokea barua mpya, napata ujumbe wa kosa unaohusu cheti cha usalama, na nikiuzima ulinzi huo, mtoa huduma wangu anakataa nenosiri ambalo najua ni sahihi. Tena, hata kwenye kompyuta ya zamani, barua nyingi za miaka hii zimeharibika maandishi. Neno kama ng'ombe huonekana hivi: ngâ€™ombe.

Nawaomba msinishauri nihamie kwenye kivinjari tu na kuyasahau haya. Ndani ya barua hizo mna majadiliano ya istilahi, neno kwa neno, ambayo hayakuchapishwa popote, na baadhi ya walioyaandika wamekwisha kufariki.

---

Fundi wa Kinondoni

Shikamoo Mzee. Barua zako hazijapotea, na maelezo yako yamenionyesha zilipo. Tafadhali usiifute wala kuisafisha kompyuta ya zamani mpaka kazi hii iishe, na mtu yeyote asikushawishi kuendesha programu za kusafisha diski.

Chanzo ni hiki. Zamani, programu za Windows ziliruhusiwa kuandika mafaili yake ndani ya Program Files, palipo na programu yenyewe, na watumiaji wengi wa Eudora waliziacha barua zao humohumo. Windows Vista, iliyotoka kwa watu wote Januari 2007, yaani miezi michache tu baada ya toleo lako la Eudora, ililifunga eneo hilo kwa mtumiaji wa kawaida. Kwa kuwa programu nyingi za zamani zingekwama, Microsoft waliweka utaratibu wa kuzihadaa kwa wema: programu ikitaka kuandika ndani ya Program Files, mfumo huikubalia, lakini maandishi hupelekwa kimyakimya kwenye folda nyingine iliyo ndani ya eneo la mtumiaji. Programu huamini imeandika pale ilipotaka, na ikija kusoma husomeshwa kutoka kule kule kulikofichwa. Utaratibu huo uliendelea katika Windows 7 na 10, na upo mpaka leo.

Kwa hiyo tangu siku ulipohamia Windows 7 mwaka 2010, kila barua uliyopokea iliandikwa hapa:

C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86)\Qualcomm\Eudora

Folda ya AppData imefichwa, hivyo itabidi uruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, au unakili anwani hiyo na kuibandika juu ya dirisha la mafaili. Ulichonakili mara tatu ni folda ya Program Files yenyewe, ambayo haijaguswa na programu tangu Machi 2010. Ndiyo maana barua ziliishia hapo.

Sasa hapa ndipo watu wengi huharibu, nakuomba usome kwa utulivu. Usidhani kwamba folda hiyo ya siri ina kila kitu. Mfumo hunakili faili huko pale tu programu inapolibadili kwa mara ya kwanza. Sanduku la barua zinazoingia, kwa kuwa lilibadilika kila siku, limo huko zima, la zamani na la sasa pamoja. Lakini sanduku la kazi uliyoimaliza mwaka 2005 na hukuligusa tena, limebaki Program Files peke yake. Kwa hiyo unahitaji yote mawili, na kwa mpangilio huu: tengeneza folda mpya nje kabisa ya Program Files, kwa mfano C:\Eudora, nakili humo kwanza yaliyomo kwenye folda ya Program Files ya kompyuta ya zamani, kisha nakili juu yake yaliyomo kwenye VirtualStore, ukikubali mafaili yafunikwe. Ukigeuza mpangilio, mafaili ya 2010 yatayafunika ya sasa.

Programu yenyewe iache ilipo. Inachohitaji ni kuelekezwa tu. Bofya kitufe cha kulia juu ya njia ya mkato ya Eudora, nenda Properties, na kwenye mstari wa Target, baada ya anwani ya Eudora.exe iliyomo ndani ya alama za kunukuu, acha nafasi moja kisha andika "C:\Eudora". Kuanzia hapo programu itasoma na kuandika kwenye folda hiyo, na hadaa ya VirtualStore haitakuhusu tena.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona kwa wateja zaidi ya mmoja. Programu ya zamani ikisumbua, ushauri wa kwanza wanaopewa ni kuiendesha kama msimamizi. Kwa Eudora iliyohifadhi barua ndani ya Program Files, ushauri huo hutisha, kwa sababu programu inayoendeshwa kama msimamizi haihadaiwi, hivyo huyafungua mafaili halisi ya zamani na mtumiaji huona miaka mingi ya barua imetoweka mbele ya macho yake. Akipokea barua mpya akiwa katika hali hiyo, zitaingia kwenye mafaili ya zamani, na sasa atakuwa na masanduku mawili tofauti yenye jina moja. Endesha kama mtumiaji wa kawaida, siku zote.

Kuhusu sidii ya 1998, iweke kwa kumbukumbu tu. Visakinishi vingi vya miaka ile viliandikwa kwa biti 16, na kwa kawaida Windows ya biti 64 haiwezi kuviendesha, hata pale programu iliyomo ndani ingeweza. Windows 11 hutolewa kwa biti 64 peke yake.

---

Mhifadhi Nyaraka, Unguja

Mwalimu, shikamoo. Naongezea upande wa barua zenyewe, kwa kuwa kazi yangu ni kutunza maandishi ya watu.

Una bahati kwamba ulichagua Eudora. Programu hii iliandikwa mwaka 1988 na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois, kisha ikachukuliwa na kampuni ya Qualcomm, na katika maisha yake yote ilihifadhi barua kama maandishi ya kawaida. Kila sanduku ni mafaili mawili: lenye mwisho wa .mbx ndilo lenye barua, na lenye mwisho wa .toc ni faharasa yake. Ukilifungua faili la .mbx kwa Notepad utasoma barua zako bila Eudora kuwapo, na kila barua utaona inaanza na mstari wenye maneno From ???@??? na tarehe. Fungua kwa kusoma tu, tena nakala, wala usihifadhi chochote. Ukiongeza hata herufi moja, faharasa haitajua tena kila barua inaanzia wapi.

Faharasa ikiharibika, Eudora itajitolea kuijenga upya kutoka kwenye barua. Si msiba, lakini fahamu mambo mawili kabla ya kukubali. Alama za barua zilizosomwa na zilizojibiwa hukaa kwenye faharasa, hivyo zitapotea. Na barua ulizozifuta, ikiwa sanduku halikuwahi kubanwa, yaani kuondolewa kabisa zilizofutwa, bado zimo ndani ya .mbx, hivyo zitarudi.

Jambo ambalo sijaona likitajwa ni viambatisho, nami naliona kubwa kuliko yote, kwa sababu naamini tafsiri zako zilisafiri kama viambatisho. Eudora haikuacha kiambatisho ndani ya barua. Ilikitoa mara tu barua ilipoingia, ikakiweka kwenye folda ya Attach, na ndani ya barua ikaacha mstari mmoja unaoanza na maneno Attachment Converted, ukifuatwa na anwani kamili ya faili. Anwani kamili maana yake ni ile ya siku hiyo, kwenye kompyuta hiyo. Barua za Windows 98 huenda zinasema c:\eudora\attach, na za miaka ya karibuni zinasema C:\Program Files (x86)\Qualcomm\Eudora\Attach. Usipozitimiza anwani hizo, utakuwa na barua isemayo "sura ya nne nimeiambatisha" na sura ya nne isipatikane.

Watu hushauri kubadilisha anwani hizo ndani ya mafaili ya .mbx. Sikubaliani nao, kwa sababu mbili: utavuruga faharasa, na utakuwa umegusa maandishi ya asili. Ni rahisi zaidi kuzifuata anwani kuliko kuzibadili. Pendekezo la ndugu yetu la C:\Eudora ni jema mno hapa, kwani viambatisho vikikaa C:\Eudora\Attach, anwani za zamani kabisa zitatimia zenyewe. Kwa zile za Program Files, weka nakala nyingine ya folda hiyo ya Attach kwenye anwani ileile ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Utaombwa idhini ya msimamizi wakati wa kunakili, lakini kusoma hakuhitaji idhini yoyote. Kumbuka kukusanya Attach zote mbili, ya Program Files na ya VirtualStore, na folda ya Embedded ambamo hukaa picha zilizokuwa ndani ya barua.

Kabla ya hatua yoyote, nakili folda hizo zote kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae mbali na kompyuta.

---

Mfasiri wa Tanga

Marahaba wanangu. Nimefungua VirtualStore na nimelikuta sanduku la barua zinazoingia likiwa na tarehe ya wiki iliyopita. Siwezi kueleza nilivyojisikia. Nimekwisha kunakili kila kitu kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote, kama mlivyoniagiza.

Swali la barua mpya bado lipo, na pia maandishi yaliyoharibika. Nimesikia pia kwamba programu hii iliachiliwa huru, na huenda lipo toleo jipya la kusakinisha. Je, ni kweli?

---

Mlinzi wa Mtandao, Nairobi

Shikamoo Mzee. Naanza na la mwisho. Ni kweli kwamba mnamo Mei 2018 Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta lililoko Mountain View, California, lilichapisha msimbo wa Eudora kwa leseni huria, baada ya mazungumzo marefu na Qualcomm. Lakini kilichochapishwa ni msimbo, si programu iliyo tayari, na vipande vilivyokuwa mali ya makampuni mengine havikujumuishwa. Kwa mtu anayetaka kusoma barua zake, 7.1.0.9 uliyo nayo inatosha.

Kosa la cheti linatokana na umri. Eudora haitumii zana za usalama za Windows. Inabeba zake yenyewe za mwaka 2006, pamoja na faili lake la vyeti vinavyoaminika, ambavyo vingi vimekwisha muda. TLS ni itifaki ya kusimba mawasiliano kati ya programu na seva. Toleo lake la 1.2, ambalo seva nyingi leo huitaka kama kiwango cha chini, ilitoka mwaka 2008, na zile za 1.0 na 1.1 zilitangazwa rasmi kuwa hazifai tena Machi 2021. Unaweza kuongeza cheti kwa mkono ndani ya Eudora, nawe utakuta maelezo mengi yanayofundisha hivyo, lakini hata ukiongeza vyeti vyote, huenda programu na seva zisiwe na lugha ya pamoja.

Suluhisho ninalolitumia kwa programu za aina hii ni stunnel, programu ndogo ya bure inayosimama katikati kama mkalimani. Eudora inazungumza nayo bila usimbaji ndani ya kompyuta yako tu, nayo stunnel inazungumza na seva kwa TLS ya kisasa. Mpangilio wa kupokea barua ni huu:

client = yes

[kupokea]
accept = 127.0.0.1:110
connect = pop.mtoahuduma.example:995
verifyChain = yes
CAfile = ca-certs.pem
checkHost = pop.mtoahuduma.example

Badala ya pop.mtoahuduma.example weka jina la seva yako. Kwa kutuma, ongeza fungu la pili lenye accept ya 127.0.0.1:25 na connect ya seva yako ya kutuma kwenye mlango namba 465, na mistari mitatu ya mwisho uirudie kwa jina la seva hiyo. Kisha ndani ya Eudora andika 127.0.0.1 kama seva ya kupokea na ya kutuma, na uchague Never kwenye sehemu ya usalama. Mistari hiyo mitatu usiiache kwa hali yoyote. Bila hiyo stunnel itasimba mawasiliano, lakini haitahakikisha inazungumza na nani, na mtu aliye katikati ya njia anaweza kujifanya seva yako.

Kuhusu nenosiri kukataliwa, inategemea mtoa huduma. Google waliacha kupokea nenosiri la kawaida kutoka kwa programu za nje kwa akaunti za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022. Ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili unaweza kutengeneza nenosiri maalumu la programu, lenye herufi 16, na Eudora italitumia bila kujua tofauti. Akaunti binafsi za Outlook.com ziliufunga mlango huo tarehe 16 Septemba 2024 na hazikuacha njia ya nenosiri kabisa, kwa hiyo kama yako ni mojawapo ya hizo, stunnel peke yake haitakusaidia. Watoa huduma wengi wadogo bado wanakubali nenosiri la kawaida kupitia TLS. Wakati wa majaribio, iambie Eudora iache barua kwenye seva, ili kosa lolote lisiondoke na barua.

Neno ng'ombe lina maelezo mazuri. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina alama juu ya herufi, ndiyo maana barua zako nyingi zinasomeka vyema hata katika programu isiyoielewa UTF-8, yaani utaratibu wa kisasa wa kuhifadhi herufi, kama Eudora ya Windows. Kinachoharibika ni kiritifaa. Simu na programu za kuandikia siku hizi hubadilisha kiritifaa kilichonyooka kuwa kile kilichopinda, ambacho katika UTF-8 ni baiti tatu, na Eudora huzionyesha kama herufi tatu zisizohusiana: â, € na ™. Barua yenyewe ni nzima. Ukifungua faili hilo kwa programu inayosoma UTF-8 utaona ng'ombe kamili. Ndani ya Eudora hakuna tiba ninayoweza kuipendekeza kwa moyo safi.

Hapo ndipo ushauri wangu unapotofautiana kidogo na unavyotaka. Kwa barua mpya ningetumia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, na Eudora ningeibakiza kwa barua zilizokwisha kuingia, kwa sababu programu isiyosahihishwa tangu 2006 haifai kufungua barua za HTML, yaani zilizoundwa kama kurasa za wavuti, za watu usiowajua. Ukiamua kuendelea kupokea nayo, basi ingia Options na uzime Use Microsoft's viewer, uzime upakuaji wa picha, na uhakikishe kwamba Allow executables in HTML content haijatiwa alama.

---

Fundi wa Kinondoni

Naunga mkono hilo la Thunderbird kwa barua mpya. Ila Mzee, usiziingize barua za zamani huko kwa sasa. Mafaili ya .mbx yanaweza kuingizwa, lakini viambatisho haviji navyo, kwa sababu aliyoieleza dada yetu wa Unguja. Kazi hiyo inahitaji programu maalumu ya kuvirudisha ndani ya barua, na ifanywe juu ya nakala, siku ambayo huna haraka.

---

Mfasiri wa Tanga

Nimefuata hatua zote, kwa siku mbili, taratibu. Folda ya C:\Eudora ina barua za tangu Oktoba 1999 hadi wiki iliyopita, na nimejaribu viambatisho ishirini kutoka miaka mbalimbali. Kumi na tisa vimefunguka. Kile kimoja kilikuwa cha mwaka 2001, na nadhani nilikifuta mwenyewe wakati diski ilipokuwa ndogo.

Stunnel imekubali baada ya kusahihisha jina la seva nililokosea kuandika. Nilipokea barua tatu kwa Eudora ili kujiridhisha, kisha nikasakinisha Thunderbird kwa za kuanzia sasa, na humo ng'ombe anasomeka vizuri.

Sanduku moja tu ndilo lililodai kujengewa faharasa upya, la tafsiri niliyoifanya mwaka 2014. Kama alivyosema Mhifadhi Nyaraka, barua nilizokuwa nimezifuta zimerudi, mia mbili na zaidi. Nazipitia moja moja jioni. Nyingi ni za kupanga mikutano, lakini nimekuta mbili za mhariri wangu wa kwanza, marehemu sasa, akitetea neno ambalo nililikataa wakati ule. Nimezihamishia kwenye sanduku lenye jina lake.